Kuponi za Maduka ya Mbali

9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba naitanguliza, maana najua ukifungua bahasha hii utaanza na shikamoo. Sisi tupo, mke na mume. Mzee wangu anakula, anazungumza afadhali kuliko mwezi uliopita, ingawa ulimi bado unamteleza akichoka. Upande wake wa kulia haujarudi tangu kiharusi kile, na daktari ameacha kutuambia utarudi lini. Mimi sijambo, miguu tu. Baba yako simpati kwenye simu. Mwambie dada yake yu hai, na goti haliponi kwa kulitukana.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ipo, lakini sebule ni moja na Mzee yumo humo kutwa. Nikisema jambo anauliza umesema nini, nikishusha sauti anauliza mbona umeshusha sauti. Nimechoka kusema kila kitu mara mbili. Barua naiandikia jikoni, sufuria ikiwa motoni, na hakuna anayeniuliza.

Shida yangu ni hii. Ulisema kazini kwenu mnatoa kuponi za punguzo. Nitumie. Tawi lenu la huku liko ng'ambo ya daraja. Na ukipata za maduka mengine ya ng'ambo hiyo hiyo, nitumie pia. Za duka la hapa kona usihangaike nazo, hazinifai. Vitu vimepanda, mwanangu: sabuni, mafuta, nepi zake. Ukiweza kila mwezi nitashukuru.

Shangazi yako


1 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, hata kama umeshaijibu. Baba mzima, mdomo wake mzima zaidi. Anasema simu yake ilianguka ndani ya ndoo na kwamba ndoo ndiyo yenye makosa. Mimi nipo na kazi ile ile ya kubandika bei. Juzi tumebadilisha rafu nzima ya sabuni, jana bosi akasema tuirudishe kama ilivyokuwa. Nimeshinda nimepiga magoti kama mtu anayeomba msamaha.

Kuponi hizi hapa, nimezitia ndani. Ngoja nikupe na siri za jikoni. Ukiona kibandiko chekundu usikikimbilie, bei ya zamani iliyokatwa mstari mara nyingi haikuwahi kuwepo, tuliipandisha wiki moja ili tuishushe. Ukiona "nunua mbili upate ya tatu", geuza pakiti usome uzito, huenda wameipunguza tumbo. Na vitu vya bei rahisi viko rafu ya chini kabisa, ambako lazima uiname.

Ila shangazi, usinikasirikie. Nimepiga hesabu. Punguzo lote la kuponi hizi halifiki nauli ya kwenda na kurudi ng'ambo. Na kama unakwenda kwa miguu, basi unalipa kwa miguu. Duka la kona sabuni yake ni ghali kidogo tu. Kwa nini usinunue hapo, ukapumzika?

Nilitaka kuja mwezi huu, likizo imekataliwa. Msalimie Mzee.

Chiriku wako


22 Machi

Mwanangu,

Kuponi zimefika, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Asante. Mzee anakusalimu, amekula vizuri wiki hii na amegombana na redio kuhusu bei ya sukari.

Hesabu yako nimeiona.

Nimekwenda ng'ambo Jumanne mbili. Natoka baada ya kumlisha na kumbadilisha, naacha maji karibu na mkono wake mzima. Fundi viatu ana kibanda chini ya dirisha letu, Mzee akiita anaingia. Basi napita tawi lenu, napita duka la wale ndugu wawili, napita la jumla lenye mzani mbovu. Natazama, naandika bei kwenye kiganja, narudi pale penye nafuu. Ushauri wako wa kuinama nimeufuata. Kuinama si tatizo, tatizo ni kuinuka.

Nikirudi, Mzee anataka risiti. Unajua alitunza stoo ya kiwanda maisha yake yote, na mtunza stoo hastaafu. Namshikia risiti mbele ya macho, anasoma mstari kwa mstari.

"Hii chumvi mbona hukutumia kuponi?"

"Kuponi ya chumvi imekwisha muda."

"Ungewahi."

"Nitawahi."

Basi anaridhika, na uso wake unakuwa kama zamani kidogo.

Nikuulize jambo. Godoro la futi tano kwa sita, la sponji ngumu, kwenu ni bei gani? Karibu na tawi lenu kuna duka la magodoro, nimekuwa nikiulizia. Sina haraka ya kununua. Nalinganisha tu.

Usisahau kuponi za Aprili.

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, nina habari njema! Baba amenunua simu nyingine, lakini hiyo si habari yenyewe.

Tawi letu la huko limeanza kuwapelekea watu bidhaa majumbani. Nimezungumza na msimamizi wao, nikamweleza hali ya Mzee, akakuingiza kwenye orodha bila malipo ya kuletewa, tena kwa bei yangu mimi ya mfanyakazi. Hakuna kuponi itakayokupa bei hiyo. Kila Jumatatu asubuhi mtu atagonga mlango na kila kitu. Huna haja ya kutoka tena, wala kuandika bei kwenye kiganja.

Nilitaka kukushangaza, kwa hiyo nilimpigia Mzee ukiwa jikoni. Nilimtajia bei za sabuni na nepi, na shangazi, alicheka! Sijamsikia akicheka tangu augue. Akasema, "Basi hatatoka tena. Nitamwona kutwa."

Na lile godoro nimeliuliza. Kwetu ni nafuu kuliko huko. Nitakuwekea mwezi wa sita, unilipe ukipata au usinilipe kabisa. Wewe ndiye uliyenilea mama alipotutoka. Hili ni dogo.

Mimi nimechoka, lakini leo nitalala vizuri kwa sababu nimekufanyia jambo.

Chiriku wako


2 Mei

Chiriku,

Vitu vimefika. Nimevihesabu, vyote vimo. Mleta mizigo ni mtu mzima mwenye adabu, anavua viatu mlangoni. Asante kwa taabu zako.

Godoro usilete.

Mzee anakusalimu. Msalimie baba yako.

Shangazi


4 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tuko wazima. Baba goti limetulia, sasa analalamikia bega, asije akakosa la kusema.

Shangazi, barua yako ya mwezi uliopita ilikuwa fupi kuliko risiti. Nikadhani una kazi. Nimepiga simu mara kadhaa, kila mara anapokea Mzee kwa mkono wake ule mmoja, anasema uko jikoni. Nikimwambia akuite, nakusikia unasema kwa mbali, "Mwambie nitampigia." Hupigi.

Nikamwuliza Mzee habari za godoro ili angalau tuzungumze. Akasema, "Godoro gani? Letu bado jipya." Nikaaga nikakata simu.

Nimekukosea nini? Ni ile bei ya mfanyakazi, umeona kama sadaka? Au kuna kitu kinaletwa kimeharibika na unaona aibu kusema? Nimegeuza jambo hili kila upande nikiwa pale chini nabandua vibandiko vya zamani kwa kucha. Ukinigombeza nitasikia vizuri kuliko ukinyamaza. Niandikie, hata kwa matusi.

Chiriku wako


26 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Tupo, na leo nitakuambia tupo namna gani.

Hukunikosea kwa kusudi. Ulinifanyia wema, na wema wenyewe ukanifungia mlango. Sikujua nitakulaumuje kwa jambo zuri, ndiyo maana nilinyamaza.

Tangu augue, Mzee hapendi nitoke. Si kwamba ananizuia, hakuwa mtu wa hivyo na hajawa. Anauliza tu. Unakwenda kufanya nini, utarudi saa ngapi, nikipaliwa je. Nikisema nakwenda kwa rafiki, anageuza uso ukutani. Siku moja nilisema nakwenda kunyoosha miguu. Akasema, "Una bahati wewe, una miguu ya kunyoosha." Nikavua kitambaa nikarudi jikoni, na ikawa hivyo miezi mingi. Hadi siku niliyomwambia sabuni ya ng'ambo ni rahisi. Akasema, "Sasa unangoja nini?" Mwanangu, anaogopa sana kubaki peke yake, lakini punguzo analiheshimu kuliko hiyo hofu. Ndipo nikakuandikia kuhusu kuponi. Nilitaka za mbali kwa sababu ni za mbali.

Na godoro. Unajua usiku namgeuza mara ngapi asipate vidonda. Mchana naye hayuko kimya. Siku ya kwanza niliingia pale dukani kweli kuulizia bei, maana miguu ilinipeleka popote penye kivuli. Muuzaji ni mwanamke mnene, watu wanamwita Dada Sponji. Akaniambia, "Lijaribu mama, bei peke yake haisemi kitu." Nikalala ili nisimvunje moyo. Nilipofumbua macho alikuwa amenifunika shuka, na wateja wanapita wakinyata. Niliona aibu, nikaokota kikapu.

"Unalichukua?" akaniuliza.

"Bado nalinganisha."

Akanitazama vizuri. "Linganisha, mama. Pita wiki ijayo, huenda bei ikashuka."

Haikushuka hata senti, nami nilipita kila wiki. Ndilo godoro ulilotaka kuniletea nyumbani.

Baada ya wewe kupanga mambo yako, Jumanne zikaisha. Mzee akawa na furaha, kweli, alipenda kumsikia mleta mizigo akitaja bei. Mimi nikawa natembea humu ndani kama mtu aliyevaa nguo iliyolowa. Sikuugua. Nilikuwa naweka chumvi mara mbili, naita vitu kwa majina yasiyo yake.

Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa namtoa kitandani kumweka kwenye kiti. Goti langu likakataa. Tukaenda chini wote wawili, polepole, kama gunia linalotobolewa. Hakuna aliyevunjika. Nikamwambia, "Ngoja nivute pumzi, nitakuinua." Nikafumba macho nivute pumzi. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoishia.

Yaliyofuata amenisimulia mleta mizigo. Anasema alibisha hodi, kimya. Akachungulia dirishani, akaona watu wawili sakafuni, akajua tumekufa. Alipofungua mdomo kupiga kelele, Mzee akainua mkono wake mzima akaweka kidole midomoni.

Mlango haukuwa na komeo, akaingia akinyata. "Mzee, nimwite fundi tuwainue?"

Mzee akamwambia kwa sauti ya chini, "Asiguswe. Amelala."

"Na wewe?"

"Mimi nimekulalia wewe? Kaa hapo."

Basi yule bwana akakaa juu ya mfuko wa unga karibu na mlango, na mizigo ya watu wengine ikimngoja nje. Fundi viatu alikuwa chini ya dirisha muda wote akigonga soli. Mzee ana sauti, mwanangu. Angeita mara moja tu, wangetuinua papo hapo. Hakuita. Alilalia ule ubavu wake unaosikia maumivu, juu ya saruji, mpaka jua likanifikia usoni.

Niliamka nikakuta macho yake yananitazama kwa karibu sana. Sijamwona kwa karibu hivyo siku nyingi, namfuta tu na kumlisha.

"Umechoka toka lini hivi?" akaniuliza.

Nilitaka kusema sijachoka. Sikuweza. Nikamwambia yote pale pale sakafuni, mleta mizigo akitazama vidole vyake vya miguu: maduka, kiganja, Dada Sponji, godoro. Nilipomaliza, mleta mizigo akamwita fundi. Wakatuinua. Nyonga yake imepata jeraha bichi la kulalia saruji, nikawa naliosha, na hakusema neno siku ile wala ya pili. Nikajua nimemuua kwa aibu.

Siku ya tatu akaniita. "Ni bei gani?"

"Godoro?"

"Godoro la nini? Mtu. Wa kuja kunikalia ili wewe utoke. Bei yake ni gani?"

Nikasema sijui.

"Ulizia sehemu tatu," akasema, akageuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, yale yote mawili, hata lile la kulia.

Nimeandika sana, mkono unauma.

Shangazi yako


5 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea chooni kazini, nikatoka macho mekundu, bosi akadhani nimepata msiba. Nikamwambia ndiyo, nikapewa nusu siku.

Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za kuomba radhi nikazichana, maana ungelazimika kukaa unazisoma na wewe muda huna. Nasema moja tu. Likizo haikukataliwa. Sikuwa nimeiomba. Niliogopa kumwona Mzee amelala vile, yeye aliyekuwa akinibeba begani. Kutuma karatasi ni rahisi.

Sasa nimeiomba, wamenipa. Nitafika Jumamosi ya katikati ya mwezi, na nitakaa mpaka mnichoke. Usipike, usifue mashuka, usinipangie kitanda. Nifundishe kumgeuza.

Chiriku


27 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Natumaini ulifika salama na baba yako hajaongeza kiungo kingine cha kulalamikia. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla ulipoondoka. Mzee anasema unakoroma, lakini aliuliza mara mbili kama umeandika.

Yule mtu wa tatu tuliyemwona pamoja ndiye tuliyemchukua, mhudumu mstaafu wa wadi. Yule wa kwanza wa bei rahisi alirudi siku moja akinuka pombe, na yule mama wa pili alitaka tumnunulie na sare. Mzee alimkazia huyu bei akiwa amelala chali, mpaka mwenzake akaguna akakubali. Kisha akamwona anavyomgeuza, mkono mmoja chini ya nyonga, bila kumwumiza. Siku ya kumlipa, Mzee akamwongezea mwenyewe, bila kuombwa. Nilidhani sijasikia vizuri. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona mtu huyu akipandisha bei ya kitu.

Anakuja Jumanne na Ijumaa, mchana tu. Siku zilizobaki ni zangu, na usiku wote ni wangu. Kwa hiyo usije ukawaambia watu shangazi amepumzika. Jeraha la nyonga linafunga polepole. Mkono wa kulia haujasogea. Daktari amepandisha bei ya vidonge, na hivyo havina kuponi.

Jumanne ya kwanza nilitoka nikafika katikati ya daraja nikasimama, sina kikapu, sina karatasi, nikajikuta sijui niende wapi. Nilitazama magari mpaka nikachoka, nikarudi kabla ya muda. Mzee akanicheka. Ijumaa nilikwenda kwa Dada Sponji. Nilikaa kwenye kiti chake nikamsaidia kukunja mashuka, tukazungumza habari za watoto wake. Sikulala.

Leo nimeamua nisitoke kabisa. Niko chumba cha nyuma, mlango nimeufunga, nakuandikia nikiwa nimejinyoosha. Nawasikia huko sebuleni. Wanagombania uji, mmoja anasema ni wa moto, mwingine anasema atajuaje na hajauonja. Sasa hivi Mzee ameniita. Mara moja, kwa nguvu. Nimeshusha miguu chini, nikangoja.

Hajaita tena. Yule mhudumu amemwambia kitu, na wote wawili wanacheka. Nimerudisha miguu kitandani.

Shangazi yako